John Snow, daktari aliyeuliza maji yanatoka wapi

Katika mashirika yetu ya mashariki hakuna haja ya kueleza kolera ni nini. Tangu miaka ya 1970 ugonjwa huu haujaondoka kandokando ya maziwa yetu. Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma wanaujua vizuri. Wenye umri wanakumbuka Julai 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Goma, mahali ambapo mawe ya volkano hayakubali kuchimbwa choo, na maelfu kwa maelfu wakafa katika wiki chache. Lakini mtu aliyeonyesha kwamba kolera inaingia kwa kinywa, ndani ya maji ya kunywa, wachache kati yetu wanamjua. Alikuwa Mwingereza, jina lake John Snow, naye alikufa mwaka 1858. Ninasimulia maisha yake kwa sababu ugomvi wa wakati wake haukuhusu ugonjwa tu. Ulihusu pia nani anapaswa kuwapa watu maji safi, na nani anajibu watu wakifa kwa maji aliyowauzia.

Alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, mtoto wa kwanza kati ya tisa. Baba yake alikuwa kibarua katika uwanja wa makaa ya mawe kando ya mto Ouse. Kartie yao ilikuwa ya watu maskini, chini karibu na maji, na mto ulipojaa uliingia katika nyumba zao. Alipofika miaka 14 wazazi wakampeleka mbali, Newcastle, akajifunze kazi kwa daktari mmoja, kwa maana wakati huo kijana aliweza kujifunza uganga kama vile wengine walivyojifunza useremala.

Kolera ilifika Uingereza mwishoni mwa mwaka 1831, kwa mara ya kwanza kabisa. Ilikuwa imetoka India, ikapita Urusi na Ulaya. Snow alikuwa na miaka 18 tu, na mwalimu wake akamtuma awahudumie wachimba makaa wa Killingworth. Hakuwa na dawa ya kuwaponya. Hakuna aliyekuwa nayo. Lakini aliona kitu ambacho baadaye alikiandika: wachimbaji walishuka shimoni kwa saa nyingi wakiwa na chakula chao, kule chini hakukuwa na choo wala maji ya kunawa, na walikula kwa mikono ileile. Aliye na macho angeona hapo njia ya ugonjwa. Wakubwa wengi waliona uchafu wa tabia za maskini, wakaishia hapo.

Makanisa yalifanya nini? Yaliomba. Tarehe 21 Machi 1832 nchi nzima ya Uingereza ilifunga chakula na kuomba, kwa amri ya serikali, ili Mungu aondoe pigo. Mimi sidharau kufunga. Lakini miaka 21 baadaye, kolera iliporudi, wachungaji wa Edinburgh waliandikia serikali kuuliza kama siku nyingine ya kufunga itatangazwa, na waziri Palmerston akawajibu kwa adabu lakini bila kuzunguka kwamba kwanza wasafishe makao ya maskini katika miji yao, ndipo maombi yafuate. Wengine walikasirika, wakaona ni dharau kwa kanisa. Nikisoma habari hiyo, naona aibu kwamba neno hilo lilitoka kwa waziri na halikutoka mimbarani.

Snow mwenyewe alikuwa mtu mkimya, mwenye sauti isiyo nzuri na maisha ya kujinyima. Hakuoa. Tangu ujana aliacha nyama na aliingia katika chama cha waliokataa pombe. Mwaka 1836 alikwenda London kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita, akasoma uganga na kupanga chumba katika kartie ya Soho. Mwaka 1844 alipata udaktari wa chuo kikuu. Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na dawa za kulaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Habari za etha zilipotoka Marekani mwishoni mwa mwaka 1846, madaktari wengi waliitumia kwa kubahatisha. Snow alikaa na kupima ni kiasi gani cha hewa ya dawa kinaingia katika mapafu, kwa joto gani, kwa dakika ngapi. Tarehe 7 Aprili 1853 alimpa Malkia Victoria klorofomu alipomzaa mtoto wake wa nane, na mwaka 1857 tena kwa mtoto wa tisa. Wahubiri wengine walisema uchungu wa mwanamke umeandikwa katika Mwanzo na usipunguzwe. Mama zetu wanaozaa katika vituo vya afya wanaweza kuwajibu wenyewe.

Kazi hiyo ya hewa na dawa ndiyo iliyomfanya apinge wakubwa kuhusu kolera. Wakati ule karibu madaktari wote, pamoja na maofisa wa afya wa serikali, waliamini kwamba ugonjwa unatoka katika harufu mbaya. Penye uvundo pana kifo, ndivyo walivyofikiri. Kwa imani hiyo walifanya jambo la ajabu: ili kuondoa harufu majumbani, waliagiza mashimo ya choo yafunguliwe kwenye mifereji, na mifereji ikamwaga kila kitu katika mto Thames. Nao Thames ndio ambao kampuni za maji zilichota na kuwauzia watu wa London wanywe.

Snow alijua namna hewa inavyomfikia mtu, na hakuona jinsi harufu ingemuua mmoja na kumwacha jirani yake. Tena kolera huanza tumboni, haianzi katika mapafu. Basi alifikiri kwamba sumu yake inamezwa, na kwamba inatoka katika choo cha mgonjwa, ikaingia katika maji na chakula cha mzima. Mwaka 1849 alichapisha mawazo haya katika kitabu kidogo. Madaktari walikisoma na kusema hakina uthibitisho wa kutosha.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1854, si mbali na nyumbani kwake. Usiku wa tarehe 31 Agosti kolera ililipuka katika barabara ya Broad Street, Soho. Katika siku tatu watu 127 walikufa katika barabara hiyo na za karibu. Familia zilifunga mizigo zikakimbia. Mwishowe waliokufa walifika 616. Snow alikwenda katika ofisi ya kuandikisha vifo, akapata orodha ya watu 83, kisha akaenda mlango kwa mlango. Karibu wote walikuwa wamekufa jirani na pampu moja ya maji. Kumi tu walikaa karibu na pampu nyingine, na kati ya hao familia tano zilimwambia kwamba hutuma watu Broad Street kila siku kwa sababu maji yake ni matamu, na watatu wengine walikuwa watoto waliosoma shule ya karibu na pampu hiyo. Maji yale yalisifiwa. Yalikuwa baridi na yakionekana meupe katika gilasi. Yeyote aliyewahi kuchota ziwani asubuhi, maji yakiwa yametulia, anajua jinsi macho yanavyodanganywa.

Alitafuta pia wasiokufa. Katika nyumba ya maskini ya Poland Street, iliyozungukwa na vifo pande zote, wakaaji 535 walipoteza watu watano tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha bia cha Broad Street yenyewe, wafanyakazi zaidi ya 70 walikuwa wazima. Walikunywa bia waliyopewa kazini, na kiwanda kilikuwa na kisima chake ndani. (Mpinga pombe kama Snow aliandika habari hiyo bila kuficha, nami namheshimu kwa hilo.) Halafu kulikuwa na mama mjane aliyehamia Hampstead, mbali na Soho, mahali pasipo na kolera hata kidogo. Alikuwa akiletewa kila siku chupa ya maji ya Broad Street kwa sababu aliyapenda tangu alipokaa huko. Alikufa tarehe 2 Septemba. Mpwa wake aliyemtembelea na kunywa maji hayo alirudi kwake Islington, akafa naye.

Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow alikwenda mbele ya kamati ya parokia iliyosimamia mambo ya maskini na kueleza aliyoyapata. Hawakuamini sana, lakini walikubali. Kesho yake mpini wa pampu uliondolewa. Watu wengi wanaosimulia habari hii husema ugonjwa ukasimama siku hiyo. Snow mwenyewe hakudai hivyo. Alikiri kwamba vifo vilikuwa vimeshaanza kupungua, kwa kuwa watu walikuwa wamekimbia.

Hapa anaingia mtu ambaye wasomaji wetu watampenda. Henry Whitehead alikuwa kasisi msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Luka, Berwick Street, kijana wa miaka 29 hivi. Siku zile zote alikuwa akiingia nyumba za wagonjwa, akiomba nao na kuzika wafu wao. Aliposikia maneno ya Snow kuhusu pampu alikasirika, maana aliona watu wake wakiinywa bila kuugua, na yeye mwenyewe alikuwa ameinywa. Akaamua kumpinga kwa kazi. Alirudi nyumba kwa nyumba, mara nne au tano kwa familia moja ikihitajika, akawafuata hata waliohama, akiuliza kila mtu kama alikunywa maji ya pampu au hapana. Daktari asingeweza kufanya hivyo. Watu walimfungulia kasisi mlango kwa sababu aliwazika wazazi wao. Na majibu yalimshinda: waliokunywa, zaidi ya nusu waliugua, wasiokunywa, wachache sana.

Kisha Whitehead, akisoma tena orodha ya vifo, aliona jina la mtoto mchanga wa nyumba namba 40, Broad Street, aliyekufa tarehe 2 Septemba baada ya kuhara siku kadhaa. Ugonjwa wa mtoto ulianza kabla ya mlipuko. Alikwenda kumwona mama, Sarah Lewis, naye akamweleza kwamba alifua nguo chafu za mtoto na kumwaga maji katika shimo la choo mbele ya nyumba. Aprili 1855 walichimba. Matofali ya shimo hilo yalikuwa yameoza, na uchafu ulikuwa ukivuja kuelekea kisima cha pampu, umbali wa chini ya mita moja. Baba wa mtoto, askari polisi, aliugua tarehe 8 Septemba, siku ileile mpini ulipoondolewa, naye akafa. Uchafu wake nao ulimwagwa katika shimo lilelile. Kama mpini ungebaki, kisima kingetiwa sumu mara ya pili, wakati watu wameanza kurudi nyumbani.

Sarah Lewis hakufanya kosa lolote. Nguo za mtoto mgonjwa angezimwaga wapi? Shimo lile ndilo choo alichopewa na mwenye nyumba, na pampu ile ndiyo maji aliyopewa na parokia. Tunapowahubiria mama zetu usafi, na ni vizuri tuwahubirie, tukumbuke kwamba mama huyu alikuwa msafi.

Habari ya pampu ndiyo inayojulikana duniani, lakini kwa maoni yangu kazi kubwa zaidi ya Snow ilikuwa ng'ambo ya mto, kusini mwa London. Huko kampuni mbili ziliuza maji katika barabara zilezile, bomba la moja likipita kando ya bomba la nyingine. Nyumba hii ilikuwa na maji ya kampuni ya Lambeth, inayofuata ilikuwa na ya Southwark and Vauxhall. Matajiri na maskini walichanganyika pande zote mbili. Wengi hawakujua hata maji yao ni ya nani, kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyelipa, na mkataba ulifungwa zamani kabla hawajapanga. Watu kama 300,000 walikuwa wamegawanywa hivyo bila kuulizwa.

Mwaka 1852 Bunge lilitunga sheria kwamba kampuni za London ziache kuchota maji sehemu ya chini ya Thames, penye uchafu wa mji. Zilipewa muda hadi tarehe 31 Agosti 1855. Lambeth ilihamisha mitambo yake mapema, mwaka 1852, ikapanda juu ya mto hadi Thames Ditton. Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota mjini. Sheria ilikuwa imeiruhusu kungoja.

Kolera ikaja ndani ya muda huo. Snow alitembea mlango kwa mlango tena. Mtu aliposhindwa kusema maji yake ni ya kampuni gani, Snow alichukua kidogo katika chupa na kutia dawa ya nitrati ya fedha, inayoonyesha chumvi. Maji ya Southwark and Vauxhall yalikuwa na chumvi karibu mara arobaini kuliko ya Lambeth, kwa sababu yalichotwa mahali ambapo maji ya bahari na mifereji ya vyoo hukutana. Kisha akahesabu. Katika wiki saba za kwanza, nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall zilipoteza watu 1,263, yaani 315 kwa kila nyumba 10,000. Nyumba 26,107 za Lambeth zilipoteza 98, yaani 37 kwa kila nyumba 10,000.

Tusome hesabu hiyo polepole. Ni barabara ileile, hewa ileile, na harufu ileile. Hakuna aliyeomba zaidi ya jirani yake wala aliyenawa zaidi. Kilichotenganisha nyumba yenye msiba na nyumba isiyo na msiba ni bomba, na bomba hilo liliamuliwa na watu wasiokaa humo. Waliokufa walikuwa wamelipiwa maji yao. Sheria ya kuwalinda ilikuwa imeshapita, na tarehe ya kuitimiza ilikuwa bado.

Mtu akifahamu hayo, anafahamu kwa nini miaka mingi baadaye mataifa yaliandika maji katika orodha ya haki. Tarehe 28 Julai 2010, kwa pendekezo la Bolivia, Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulikubali kwamba maji safi ya kunywa na usafi wa vyoo ni haki ya kila binadamu. Nchi 122 zilipiga kura ya ndiyo, hakuna iliyokataa, na 41 zilijizuia, Uingereza ya Snow ikiwa mojawapo. Sisi Wakongomani tulikuwa tumetangulia: Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inadhamini haki ya kupata maji ya kunywa, na kuacha sheria ipange namna ya kuitekeleza. Mwishoni mwa mwaka 2015 sheria ya maji nayo ikatoka. Kati ya karatasi hizo na robine iliyokauka uwanjani kuna muda, kama ule wa kusini mwa London, na katika muda huo mabinti wetu wanashuka ziwani na bidoni ya lita 20. Isaka alipofukuzwa kisimani mara mbili na wachungaji wa Gerari alihama na kuchimba cha tatu. Katika kartie za miji yetu hakuna mahali pa kuhamia, na familia haichimbi mtambo wa maji. Ndiyo maana ni deni la serikali, na raia ana haki ya kulidai kwa jina hilo, bila kuomba kama msaada.

Snow hakutumia neno haki, na nisimfanye nabii kuliko alivyokuwa. Mwaka 1855 alisimama mbele ya kamati ya Bunge akawatetea wenye viwanda vinavyonuka, wachemsha mifupa na watengeneza sabuni, akisema harufu yao haileti kolera. Alikuwa na kweli kuhusu kolera, lakini waliokaa katika uvundo huo hawakufurahi, na gazeti la madaktari lilimcheka vikali. Toleo la pili la kitabu chake lililotoka mwaka huo, lenye hesabu zote hizi, alilichapisha kwa fedha zake mwenyewe. Kamati ya serikali ilikichunguza kisa cha Broad Street na kukataa maelezo yake. Mpini wa pampu ulirudishwa.

Tarehe 10 Juni 1858, akiwa anaandika kitabu juu ya klorofomu, alianguka kwa ugonjwa wa kupooza. Alikufa tarehe 16, akiwa na miaka 45. Gazeti la madaktari lilitangaza kifo chake kwa mistari michache, likamtaja kwa kazi ya klorofomu, na neno kolera halikuwamo. Wiki hizohizo joto kali lilipiga London, na mto Thames ukanuka hadi ndani ya Bunge, hata mapazia yakalowekwa dawa ili wabunge waweze kukaa. Kufikia mwanzo wa mwezi wa nane walikuwa wamepitisha fedha za mifereji mikubwa iliyojengwa na injinia Joseph Bazalgette. Waliitoa kwa kuogopa harufu, lakini mifereji hiyo iliondoa uchafu wa vyoo katika maji ya watu. Kolera ilirudi London mara moja tu, mwaka 1866, upande wa mashariki, ambako mifereji ilikuwa haijakamilika na kampuni moja ilikuwa ikiuza maji yasiyochujwa. Safari hiyo maofisa walikwenda kutazama maji kwanza, na Whitehead akaitwa kusaidia kuuliza nyumba kwa nyumba.

Whitehead aliendelea na huduma yake kwa miaka mingi, mwishowe katika parokia za vijijini kaskazini mwa nchi, ambako alikufa mwaka 1896. Katika chumba chake cha kusomea, ukutani, alikuwa ametundika picha ya John Snow.